Beleshi, mashine au kumlipa mtu wa plau: theluji ya Minnesota uizoe kwa njia ipi?

Msimu wa 2022 kuingia 2023 hapa Minneapolis na St. Paul zilianguka inchi 90.3 za theluji, yani zaidi ya mita mbili ukijumlisha yote, msimu wa tatu kwa wingi tangu waanze kuweka rekodi. Waliokuwa na beleshi tu wakaapa mwaka unaofuata lazma wanunue mashine, wengine wakasaini mkataba na watu wa plau (wenye pikapu iliyofungwa chuma cha kusukuma theluji mbele) wakalipa yote mwanzoni. Alafu 2023-24 ikaja kavu, hata inchi 30 hazikufika, mashine mpya zikakaa gereji na wenye mkataba wakawa wanaangalia majani ya uani Januari huku hela ishaenda. Ndo maana ukiuliza hili swali kwenye harusi au msiba wowote Brooklyn Park, mji wa jirani na Minneapolis, kila mtu anakupa jibu lake na kila mtu ana uhakika nalo.

Mimi sina jibu moja la kumpa kila mtu, ila naweza kukuwekea zote tatu mezani kwa vigezo vile vile halafu uangalie nyumba yako, mgongo wako na shifti yako.

Kabla ya hapo, kama unakaa apatimenti hii haikuhusu sana, kuzoa ni kazi ya mwenye nyumba. Kinachokuhusu wewe ni gari lako barabarani. Minneapolis wakitangaza dharura ya theluji, siku ya kwanza kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 2 asubuhi hupaki upande wowote kwenye zile barabara maalum za dharura, siku ya pili saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku hupaki upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye barabara zisizo za dharura, siku ya tatu muda ule ule hupaki upande wa namba witiri. Jiandikishe upate meseji za city (halmashauri ya jiji), manake brekdauni ikishabeba gari utalipa ya kulivuta na ya kulilaza na faini juu yake. Haya, twende kwa wenye nyumba zao, na wale mliopanga nyumba nzima au dupleksi (nyumba moja ya familia mbili) ambao mkataba wenu unasema kuzoa ni juu yenu (usome, wengi hawajui mpaka barua ya city ifike).

VIGEZO

Cha kwanza pesa, na nazungumzia pesa ya msimu mzima na miaka inayofuata, sio bei ya siku unayonunua.

Cha pili muda, na hasa saa ngapi. Wengi wetu tuko kwenye nesing homu, kulea wagonjwa majumbani, wearhauzi, shifti inaanza saa 12 unusu au saa 1 asubuhi na ukichelewa kuna mzee wa watu hajabadilishwa na mwenzako wa usiku hawezi kuondoka. Kwa hiyo njia ambayo ni nzuri lakini inamaliza saa 4 asubuhi kwako haina maana. Kuna na sheria hapo: Minneapolis nyumba ya familia moja au dupleksi unapewa saa 24 tangu theluji ikome kuanguka uwe umesafisha njia ya miguu ya mbele ya nyumba, upana wote, na kama nyumba yako iko kona basi na pale panaposhukia barabarani ni pako pia. Usipofanya wanakagua, wanakuandikia, na mwisho wanaleta mtu wao na bili inakuja kwako.

Cha tatu mwili. Cha nne ni aina ya theluji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wageni wengi wanadhani theluji ni theluji tu. Ile ya Januari baridi ikiwa kali ni unga, unaweza hata kuipeperusha na ufagio. Ile ya Novemba mwanzoni na ya Machi Aprili ni nzito imejaa maji. Chukua njia ya gari ya kawaida ya magari mawili, futi 20 kwa 40, ikianguka inchi 6 ya unga unazungumzia kama tani moja ya mzigo, ikiwa ile mbichi ya Machi inaweza kufika tani tatu, eneo lile lile na kimo kile kile. Alafu kuna aina ya tatu ambayo ndo inawatoa watu machozi: ukingo wa plau. Umemaliza kuzoa vizuri, umeingia ndani kunywa chai, plau ya city inapita inasukuma theluji yote ya barabarani inaiziba mdomo wa njia yako, mabonge yamechanganyika na barafu na chumvi, yakikaa saa chache yanaganda kama zege. Njia yoyote unayochagua iulize kwanza itafanyaje na ule ukingo.

Cha tano, ikigoma inagoma vipi. Kila njia ina siku yake mbaya.

BELESHI

Pesa: dola 25 mpaka 50 unapata zuri, na nakushauri uwe nayo mawili, moja pana la kusukuma na moja dogo lenye mdomo wa chuma kwa ngazi na mabonge. Kuna pia lile kubwa la kusukuma kwa mikono miwili kama toroli lisilo na tairi, hilo halinyanyuliwi kabisa, unasukuma mzigo mpaka pembeni unaumwaga, kwa njia ndefu iliyonyooka ni zuri mno na watu wengi hawalijui. Linadumu miaka. Kwa pesa hakuna kinacholishinda beleshi.

Muda: inchi mbili tatu ni dakika 20 au 30. Inchi 6 ni saa nzima au moja na nusu kwa hiyo njia ya magari mawili, na ikiwa mbichi ongeza. Ujanja ni kutoka mara mbili tatu wakati inaendelea kuanguka badala ya kuisubiri ikome yote, na kuzoa kabla gari halijapita juu, manake tairi likishaikanyaga inashindiliwa inakuwa barafu na hapo beleshi linateleza tu juu yake.

Mwili: hapa ndo penye kesi. American Heart Association wanatahadharisha kila mwaka kuhusu moyo na kuzoa theluji, na sababu inaeleweka: baridi inabana mishipa ya damu, presha inapanda, unatumia mikono zaidi kuliko miguu, na mtu akinyanyua kitu kizito anabana pumzi bila kujijua. Ukiwa na presha, kisukari, uliwahi kuumwa moyo, unavuta sigara, au umri umesogea na mazoezi huna, ongea na daktari kabla, na usijilinganishe na ulivyokuwa unalima kijijini ukiwa na miaka 20. Sukuma usinyanyue, ukilazimika kunyanyua chota nusu, piga magoti usikunje mgongo, usitupe kwa kujipinda. Kifua kikibana, maumivu yakipanda mkononi au tayani, jasho la baridi, acha hapo hapo piga 911, hakuna cha kumalizia kipande kilichobaki.

Theluji nzito na ukingo: linaweza, polepole, kwa kukata vipande na kutoa safu ya juu kwanza. Ile mbichi inaganda kwenye beleshi, paka mafuta ya kupikia au nta ya mshumaa inateleza yenyewe.

Likigoma: beleshi haligomi, unagoma wewe. Ukiumwa, ukiwa mjamzito, ukiwa umetoka dabo shifti, hakuna kinachofanyika.

Linamfaa mwenye njia fupi, mwenye afya, mwenye vijana nyumbani (na wasikwambie wana homuweki, nusu saa haiui masomo), na mtu wa mwaka wa kwanza ambaye bado hajui atakaa nyumba hiyo au atahama.

MASHINE YA KURUSHA THELUJI

Hapa watu wanachanganya sana kwa sababu mashine ni za aina nyingi, mtu ananunua ya dola 200 halafu anasema mashine hazifai.

Kuna ndogo ya hatua moja, bapa zake za mpira zinagusa chini na zenyewe ndo zinachota na kurusha. Nyepesi, unaibeba mwenyewe, inasafisha mpaka lami inaonekana, ila ikizidi inchi 8 hivi inahangaika, na kwenye njia ya kokoto usiiweke kabisa itakurushia mawe kwenye dirisha la jirani. Kuna kubwa ya hatua mbili, parafujo ya chuma mbele inachota na feni ya nyuma inarusha, inajiendesha yenyewe kwa tairi, kokoto inaenda ukiinyanyua kidogo, na hii ndo inayokula ule ukingo wa plau. Alafu kila moja kuna ya petroli, ya betri, na zile ndogo za waya wa umeme.

Pesa: za waya dola 150 mpaka 250, ndogo ya petroli 500 mpaka 900, kubwa ya hatua mbili anzia kama 900 mpaka 2,000 na zaidi, za betri zinafuatana humo humo kutegemea betri. Bei zinapanda theluji ya kwanza ikianguka na zinashuka Machi mwishoni maduka yakitaka nafasi ya majembe na mashine za kukata majani. Yuzdi ni nyingi mitandaoni, ila usinunue kabla hujaiona ikiwaka ikiwa baridi, muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika jiulize kwanini. Spea hazina shida, Toro wenyewe ni kampuni ya hapa hapa Bloomington. Kwenye bei ongeza oili, plagi, mkanda, na zile pini ndogo za parafujo zinazokatika kwa makusudi ikikutana na bonge gumu ili gia isivunjike, nunua pakiti uweke gereji.

Muda: njia ile ile ya magari mawili inchi 6, dakika 20 mpaka 30. Tofauti unaiona hapo. Lakini kama unatoka saa 11 alfajiri fikiria na majirani, ya petroli inapiga kelele, ya betri ni ya kistaarabu zaidi.

Mwili: inaokoa mgongo, ila usidhani ni kutembea tu, kubwa ni nzito kuigeuza na mtu mdogo wa umbo aende dukani aijaribu kwanza. Hatari yake ni nyingine na ni mbaya: vidole. Theluji mbichi inaziba bomba la kurushia, mtu anazima anaingiza mkono kuitoa, na hata ikiwa imezimwa feni inaweza kuwa imebana nguvu ndani, ukitoa kile kilichoziba inazunguka mara moja. Zima, subiri, tumia kijiti, mashine nyingi zinakuja na kijiti chake kimebanwa pale juu kwa kazi hiyo tu. Mkono usiingie, kamwe. Na ya petroli usiiwashe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi, ule moshi una sumu isiyo na harufu na unaingia mpaka chumbani.

Theluji nzito na ukingo: hatua mbili ndiyo, hatua moja kwa shida, ya waya sahau.

Ikigoma: inagoma asubuhi unayoihitaji. Mara nyingi sababu ni petroli ya mwaka jana iliyoachwa ndani, inaganda utando kwenye kabureta, kwa hiyo mwisho wa msimu ima uimalize yote ama uweke dawa ya kutunza mafuta. Ya betri ugonjwa wake ni chaji, inakupa kama nusu saa mpaka dakika 45 na betri ikilala gereji kwenye baridi kali inapungua nguvu, ilaze ndani. Na gereji iliyojaa mizigo ya kontena la kwenda Dar mashine utaiweka wapi, hilo nalo liulize kabla ya kulipa.

Inamfaa mwenye njia ndefu, mwenye nyumba ya kona yenye njia ya miguu pande mbili, anayetoka alfajiri na hawezi kumtegemea mtu, na mwenye jirani wa kushirikiana. Kushirikiana kunawezekana vizuri sana ila semeni mapema nani anaanza kwake asubuhi, nani ananunua mafuta na ikiharibika mnalipaje, la sivyo mtaacha kusalimiana ifikapo Februari.

KUMLIPA MTU WA PLAU

Pesa: mikataba ni miwili. Kwa mara, anakuja unalipa, mara nyingi dola 40 mpaka 75 kwa nyumba ya kawaida. Au msimu mzima, kama 400 mpaka 800, ije theluji isije. Rudi kwenye ile misimu miwili ya mwanzo: 2022-23 mwenye mkataba wa msimu alikula vizuri sana, mwaka uliofuata wa kwa mara ndo alicheka. Hakuna anayejua mwaka huu utakuwaje kwa hiyo chagua kwa kuangalia bajeti yako inavumilia kipi, kujua kabisa unalipa kiasi gani au kukubali bili ya ghafla mwezi wenye dhoruba tano.

Muda: wako ni sifuri, wa kwake ndo swali. Mikataba mingi inasema anakuja theluji ikifika kiasi fulani, inchi moja au mbili au hata tatu, na ndani ya saa kadhaa baada ya kukoma. Sasa ikikoma saa 9 usiku na wewe unatoka saa 11 na uko namba 30 kwenye orodha yake, utatoka vipi? Muulize hivyo hivyo. Gari lako likiwa limekaa njiani pia anazunguka tu, anaacha kisiwa cha theluji ambacho utakizoa wewe.

Mwili: salama kuliko zote. Kwa mzee, kwa aliyefanyiwa opresheni, kwa mama mwenye mimba, mjadala unaishia hapa.

Theluji nzito na ukingo: pikapu yenye plau haina shida na uzito. Ukingo ndo penye mkataba, kuna wanaorudi city ikishapita na kuna wasiorudi, na iandikwe. Iandikwe pia kama njia ya miguu, ngazi na mlangoni vimo, manake plau haipandi ngazi, na sheria ya saa 24 ni juu ya njia ya miguu, sio njia ya gari. Mtu analipa 600 msimu mzima halafu anapata barua ya city, kosa lake kutosoma.

Ikigoma: hatokei. Gari lake limeharibika, au dhoruba ni kubwa kila mteja anampigia. Ile ya Halloween 1991 iliyoshusha inchi 28.4 hapa mjini, siku kama hiyo hata mwenye mkataba mzuri kuliko wote anasubiri zamu. Kwa hiyo beleshi bado unalihitaji. Muombe karatasi ya bima, akikugongea ukingo wa ngazi au mlango wa gereji utamdai nani? Na pigia vijiti vya rangi pembeni mwa njia kabla ardhi haijaganda, ili asichimbe majani yako.

Kwenye jamii zetu wapo vijana wenye pikapu na plau, bei yao ni nzuri na unaongea Kiswahili, mimi naunga mkono kabisa kuwapa kazi, ila andikianeni hata kama ni meseji ya WhatsApp tu: tarehe, kiasi, inchi ngapi anakuja, nini kimo nini hakimo. Udugu unaharibika kwa vitu vidogo kama hivi.

Inamfaa mwenye kipato cha uhakika na muda mchache, mwenye afya isiyoruhusu, mwenye nyumba ya kupangisha asiyekaa hapo.

CHUMVI, KWA NJIA ZOTE

Haraka tu. Chumvi ya kawaida baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri za Selsiasi haifanyi kazi ya maana, na asubuhi za Januari hapa mara nyingi tumeshapita hapo, kwa hiyo mnaomwaga ndoo nzima mnapoteza hela na inaishia kwenye maziwa ambako haitoki tena. Baridi kali tumia ya kalsiamu kidogo, au mwaga mchanga upate gripu tu, Minneapolis wanatoa mchanga bure kwa wakazi, unaenda na ndoo yako. Na chochote ulichozoa usikisukumie barabarani, sheria ya Minnesota inakataza.

SASA CHAGUA KWA HALI YAKO

Njia fupi, afya njema, hela imebana: mabeleshi mawili, na utoke mapema wakati inaanguka. Usione aibu kwa jirani mwenye mashine, wengine watakuja wenyewe kukusaidia mdomo wa njia.

Unaingia kazini alfajiri na njia ni ndefu: mashine ya hatua mbili, nunua mwisho wa msimu. Ukiwa unakaa sehemu ya majirani wasikivu na njia ni ya wastani, ya betri inatosha, na beleshi la chuma kwa ule ukingo.

Moyo, presha, mgongo, mimba, au wazazi wametoka nyumbani wako hapa peke yao mchana: mlipe mtu, mkataba unaotaja ngazi na njia ya miguu. Mzee akiona theluji mlangoni atataka kutoka kuizoa, hasa baba zetu, kwa hiyo hata beleshi lifiche.

Unafanya usiku na mchana unalala: saa 24 za city zinakutosha, beleshi au mashine unapiga ukiamka. Wanaobanwa ni wa asubuhi.

Umenunua nyumba mwaka huu na hujui lolote: msimu wa kwanza lipa kwa mara, uone upepo unarundika theluji wapi kwako, plau ya city inapita saa ngapi, alafu Machi ndo uamue mashine.

Unasafiri Desemba kwenda nyumbani mwezi mzima: mashine yako haijiendeshi yenyewe. Tafuta mtu wa kwa mara au jirani, mwachie namba ya WhatsApp inayopatikana huko na hela kidogo mkononi, mwambie azoe njia ya miguu na mlangoni na apitishe gari lake mara moja moja kwenye njia yako. Theluji ya wiki mbili isiyo na hata alama ya kiatu inawaambia wezi hakuna mtu, na inawaambia city hivyo hivyo. Na aliangalie pia bomba la moshi wa hita pembeni ya nyumba lisizibwe, hilo watu wengi wanalisahau hata wakiwepo.